Kiti Changu Kati Yako na Wazee

Zakaria mwanangu,

Mama yako ameshakufungia mahindi ya kukaanga, ameshakushonea kifungo cha koti, na ameshakueleza tena na tena namna ya kulala kwenye treni bila kuibiwa viatu. Kwa hiyo hayo mimi siyagusi. Nikiyagusa atasema namwingilia kazi yake, na atakuwa na haki, maana kuingilia kazi za watu ndilo gonjwa langu, kama utakavyosoma hapa chini.

Nakuandikia kwa sababu tangu juzi hatujasemezana neno zaidi ya "umeamkaje" na "nipitishie chumvi". Kesho basi la Iringa likipita hapa Mafinga utapanda, na mimi nitasimama barabarani na kofia mkononi niseme, "Haya, safari njema," kama mtu anayemuaga mgeni wa serikali. Najijua. Mdomo wangu ni hodari mbele ya ubao tu. Mbele yako huwa unakauka, na ukishakauka unatoa ukali.

Juzi ulikuwa unamenya kiazi. Ukasema polepole, bila kuinua macho, "Baba, nikifika Uingereza nitamwambia profesa kwamba naacha. Nimesikia kuna nafasi ya ukarani Dar es Salaam." Nikapiga meza, mchuzi ukamwagika. Nikasema, "Unaacha? Mtu amelima shamba zima, amebakiza kuvuna, anaacha?" Nikasema na mengine, mengi ya kijinga. Wewe ukamaliza kumenya kiazi chako, ukakiweka kwenye sahani, usikile. Mama yako akaondoa vyombo.

Nilidhani ni uvivu. Jana nzima nilidhani ni uvivu. Leo nimejua sivyo, na nitakueleza nimejuaje, lakini kwanza niache nianze mbali kidogo. Mwalimu mzee hawezi kufika nyumbani bila kupita shuleni.

Ulipotuandikia mwaka juzi kwamba kwa ajili ya shahada yako ya pili utarudi ukae mwaka mzima, ukusanye maneno ya wazee wa Kihehe juu ya mazishi na matambiko, ili uyaandike katika hiyo tasnifu yako, nilicheka peke yangu njiani kama mlevi wa ulanzi. Watu wakaniuliza, "Mwalimu, kuna nini?" Nikasema mwanangu anakuja kuandika kitabu. Hiyo ilikuwa nusu ya kweli. Nusu nyingine sikumwambia mtu. Wewe uliondoka hapa kwenda shule ya bweni ungali mtoto, ukirudi likizo umerefuka, ukirudi tena sauti imebadilika, kisha Uganda, kisha Ulaya. Nimekulea kwa barua, Zakaria. Mwaka huo ndio niliopewa kukaa nawe, na nikaapa sitapoteza hata siku moja.

Ndiyo maana nilikufuata kila mahali. Nilikwambia ni kwa sababu Kihehe chako kimeota kutu. Kutu kweli ilikuwepo, lakini ulikuwa unaelewa vya kutosha. Nilitaka tu kuendesha baiskeli nyuma yako na kuona mgongo wako.

Sasa kumbuka kwa mzee Kikoti. Tulifika asubuhi, ukungu bado umelala kwenye mianzi. Tangu uani nilisikia harufu ya ulanzi, na mke wake akapita nyuma ya nyumba na kibuyu amekifunika kwa kanga, kama anayeficha kuku wa wizi. Mtu mwenye akili angegeuza baiskeli akarudi. Mimi, nikiwa na lile koti langu jeusi la Jumapili, nikavua kofia nikasema, "Kamwene, mzee. Tumekuja kwa kazi ya mtoto. Tuanze kwa sala."

Tuanze kwa sala! Lo, Zakaria, hata wewe uliinama ukanitazama kwa chini. Unakwenda kumwuliza mtu habari za tambiko, unamfungulia kwa sala, na anayeomba ni mzee wa kanisa, yule yule anayesoma majina ya waliotengwa kwa kuonekana kwenye matambiko. Kikoti mwenyewe niliwahi kulisoma jina lake. Alikaa benchi la nyuma miezi kadhaa kabla hajarudishwa mezani pa Bwana.

Ukamwuliza, "Mzee, zamani mtu akifa, siku ya kutambika nani alishika kibuyu?"

Akanitazama mimi, hakukutazama wewe. "Mambo hayo tuliyaacha, mwanangu."

"Lakini zamani, mzee, kabla hamjayaacha?"

"Tuliyaacha. Mwalimu anajua."

Na mimi nikatikisa kichwa kwa furaha, nikaona mzee amejibu vizuri kama mtoto wa darasa la nne aliyekariri katekisimu. Tulipotoka nikakwambia, "Umeona? Amekupa jibu safi." Wewe ukasema, "Ndiyo, baba." Tukaenda nyumba ya pili. Na ya tatu. Kila mahali koti, kofia, sala, na "tuliyaacha". Watu wale wale, nisipokuwepo, wanapanda kwenye makaburi ya babu zao kila ukame ukizidi. Nalijua hilo. Nimelijua siku zote. Sijui nilidhani watakwambia nini mbele yangu.

Uliandika sura ya tatu, ukaituma. Jibu lilipofika ulinisomea mwenyewe hapa mezani, ukitafsiri kwa ajili ya mama yako. Profesa wako, ambaye ndiye msimamizi wa kazi hiyo, alisema wazee wako wote wanasema kwa sauti moja, na kwamba haamini ni sauti yao. Kisha akauliza: nani mwingine alikuwa ameketi hapo mlipokuwa mkizungumza? Mimi nikafoka. "Mzungu huyu anajua nini cha Uhehe? Amewahi kufika hata Dodoma?" Ukakunja barua. Ukasema, "Hajafika, baba." 

Yeye yuko ng'ambo ya bahari, na ameniona. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale kwenye kigoda, na sikujiona. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na mimi nilikuwa ndani ya nguo yako kabisa, nakung'ata kwa mapenzi.

Nimewasimamia vijana wengi wa ualimu maishani mwangu, Mbeya na hapa. Niliketi nyuma ya darasa wakifundisha, nikikohoa wakikosea. Niliona fahari kwamba nikikohoa wanajua. Sikujiuliza hata siku moja kama walikuwa wanawafundisha watoto au walikuwa wanakifundisha kikohozi changu. Uzeeni hivi ndipo nimeanza kuona kwamba msimamizi naye ana mahali pake pa kuketi, na mara nyingine mahali hapo ni nje, uani, au nyumbani kwake kabisa.

Sasa nifike Rujewa. Nimekuwa nikizunguka ili nisifike, lakini nifike.

Tulipanda lile lori la mpunga hadi kwa shangazi yako, dada yangu wa pekee, aliyeolewa Usangu na kuzeekea huko kati ya mashamba ya mpunga na ng'ombe wa mumewe. Ulikuwa umeniuliza, "Nani alikuwepo babu alipozikwa?" nami nikasema shangazi yako. Sikusema kilichotokea siku ile. Wewe ulikuwa mtoto mgongoni mwa mama yako.

Babu yako hakubatizwa. Aliponiacha niende kwa wamisionari alisema, "Nenda kasome, lakini siku yangu utakuja kunimwagia." Maana yake ni hiyo tu: nikifa, wewe mwanangu wa kwanza utashika kibuyu, utamwaga pombe kaburini, utaita majina ya waliotangulia na kuwaambia mimi nakuja. Nikasema ndiyo. Nilikuwa mtoto, ningesema nini? Alipokufa nilikuwa nafundisha Mbeya, nikaja kwa miguu na kwa malori, na nilipofika nimeshaamua. Wazee walininyooshea kibuyu. Nikaweka mikono nyuma. Mbele ya watu wote, Zakaria, na baba yangu yuko chini ya udongo ambao haujakauka.

Dada yangu akakichukua. Hakunitazama, hakunilaumu. Akapiga magoti, akaanza kuita. Na mimi nikaenda kusimama kando nikafungua kitabu cha nyimbo, nikaimba. Niliimba kwa sauti kubwa. Mama yako alinivuta shati. Niliimba kwa sababu nilijua nikisikia dada yangu anamwambia baba maneno niliyopaswa kuyasema mimi, miguu yangu itakwenda pale yenyewe. Sikutaka kusikia, na sikusikia. Hata wimbo wenyewe sikumbuki ni upi.

Siilaumu imani yangu. Nilimwamini Mungu siku ile, namwamini leo. Ila nimekaa na jambo hili muda mrefu kiasi cha kujua kwamba siku ile sikuwa naimba kwa ajili ya Mungu. Nilikuwa naogopa.

Basi tulipoketi kwake Rujewa, na mimi tena na koti langu, joto lote lile la Usangu, jasho linanitiririka, ukamwuliza kwa adabu, "Shangazi, siku ya babu, ulisema maneno gani pale kaburini?"

Nilitazama chini. Nilijua sasa atasema. Dada yangu akawa anapeta mchele wake. Kisha akasema, "Tuliimba nyimbo za kanisa, mwanangu. Baba yako alituimbisha."

Ukaandika. Nilikuona unaandika. Nami nikanyamaza, nikauacha uongo ule uingie katika kazi yako, kwa sababu ulikuwa umetandikwa mbele yangu kama mkeka, nikakaa juu yake. Dada yangu aliyepiga magoti badala yangu, sasa anasema uongo badala yangu, na mimi nakunywa maziwa yake mgando.

Masika yalipokaribia kwisha akafa. Tulipofika tulikuta wameshazika. Wewe ulikwenda na wanaume kumpa pole mumewe, mimi nikabaki jikoni na binti yake, binamu yako. Nikamwuliza kama mama yake aliacha neno lolote. Akaendelea kuchochea moto, akadhani labda nimeuliza kwa kutimiza desturi. Kisha akasema, "Mjomba, siku ile mlipokuja, mama alisema Zakaria akibaki hapa hata siku mbili peke yake atamweleza yote, mpaka alivyoita majina. Alinituma nikatandike kitanda. Lakini mlipanda lori pamoja."

Nilitoka nje. Ulidhani nimekwenda kuwatazama ng'ombe.

Kumbe kitanda kilikuwa kimetandikwa! Na mimi nakumbuka kabisa siku ile wewe ulisema, "Baba, labda mimi nibaki kidogo," na nikasema, "La, la, lori ni hili hili, tutarudi tena pamoja." Sikuwa na sababu. Nilitaka tu tusafiri wote, ukae kati yangu na dereva, tule ndizi za kuchoma pale Igawa kama tulivyofanya wakati wa kwenda. Hilo ndilo lililonigharimu maneno aliyoambiwa baba yangu. Safari moja na wewe. Na ukiniuliza kama naijutia safari ile, siwezi hata kukujibu vizuri, maana ulisinzia begani kwangu njia nzima.

Njiani kutoka msibani ukaniuliza, "Baba, wewe ulikuwepo kwa babu. Shangazi alisema nini?" Nikasema, "Sikusikia." Ukasema, "Ulikuwa mbali?" Nikasema, "Ndiyo." Basi, sasa unajua umbali wenyewe.

Turudi mezani, juzi, na kile kiazi. Leo mchana mama yako alinikuta nakoroga wino kwa ghadhabu, najiandaa kukuandikia barua nyingine kabisa, ya kukufokea. Akasema, "Mwalimu, hebu weka kalamu chini. Unajua mtoto anaacha kwa nini?"

Nikasema, "Amechoka. Ameutamani ukarani."

"Hajachoka. Jana tulikuwa tunabeba kuni akaniambia. Profesa anataka aandike nani aliketi pale wazee wakisema. Akiandika, ni wewe. Ameniambia, 'Mama, siwezi kumwandika baba. Watu watasoma kwamba baba ndiye aliyewafunga wazee midomo.' Na asipoandika, anasema kitabu kitakuwa cha uongo, na cha uongo hawezi kukitia jina lake. Ndiyo maana anaacha."

Nikamwuliza, "Hakuwa amenikasirikia?"

Akasema, "Angekuwa amekukasirikia angekuandika."

Nilikaa pale, Zakaria. Mama yako akaenda zake shambani akaniacha. Nililia, nakwambia wazi, nililia kama ambavyo sikumlilia baba yangu wala dada yangu. Watu wote hawa! Dada yangu alisema uongo kunisitiri. Kikoti alisema uongo kuniheshimu. Na wewe unataka kutupa miaka yako yote ya kusoma, ukaandike hati za meli bandarini, ili mtu mmoja mzee wa Mafinga asionekane. Nimesitiriwa kiasi hiki, na sijawahi hata kuomba. Nimekuwa kama mtoto mchanga wa nyumba nzima.

Yatosha. Mficha uchi hazai, wanasema, na wewe unaficha uchi usio wako. Mimi ndiye mwenye uchi na nimekubali kuufunua.

Sikuagizi. Nimekuagiza maisha yako yote na matunda yake tumeyaona. Nakueleza tu ninavyoiona kazi hiyo, kwa macho ya mtu aliyesahihisha madaftari mengi. Majibu ya wazee wale usiyafute. Waliyasema kweli, walimwambia mzee wa kanisa yale ambayo mzee wa kanisa huambiwa. Ila msomaji hana budi kuambiwa kwamba mzee huyo wa kanisa alikuwepo, amevaa nini, amefunguaje mazungumzo, na walimtazama nani wakati wa kujibu. Eleza na lile jina la Kikoti nililolisoma kanisani; yeye mwenyewe mtaje kwa jina jingine, maskini, ameshateseka. Eleza kwamba kulikuwa na mwanamke Usangu aliyejua, akangoja siku mbili za faragha, asizipate. Maneno aliyoyasema kaburini usiyabuni, wala usimruhusu profesa wako akupe ya kabila jingine yanayofanana. Pale yalipopaswa kuwa, sema yamepotea, na sema aliyeyapoteza. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini mtu anaweza kuonyesha mahali palipolowa.

Na wewe usiogope juu yangu. Mchungaji anaweza kusikia. Habari za Mafinga hufika hata zikiandikwa kwa Kizungu. Wakinivua uzee wa kanisa, watanivua. Nitakaa lile benchi la nyuma, na Kikoti atanisogelea anipe nafasi, maana yeye anajua linavyobana. Nitasali vile vile. Huenda nikasali vizuri zaidi, sitakuwa na orodha ya mtu mkononi.

Kuna jambo moja tu linalonisikitisha, na halina dawa. Kitabu hicho kikiisha mimi sitakisoma. Kizungu changu ni cha kusoma vibao na barua za mkaguzi, na macho yenyewe unayaona. Mama yako naye hajui. Utakuwa umetuandika watu ambao hatutajua umetuandikaje. Nimejaribu kulichukia jambo hilo leo nikashindwa. Dada yangu alisema na baba yangu nami sikusikia, na yale maneno bado yalimfikia aliyeambiwa. Ndivyo ninavyotaka kuamini.

Asubuhi usinijibu. Tafadhali usije ukaanza, "Baba, nimesoma..." nitakimbia. Panda basi, weka mzigo wako, kaa dirishani upande wangu ili nikuone mpaka kona.

Na utakapofika kwenye ukurasa ule, profesa atakushauri ufiche jina kwa heshima, uandike "mwalimu mmoja wa kanisa alikuwepo". Wasomi wana adabu zao. Mkatalie. Jina langu unaweza kuliacha, halina maana kwa watu wa huko. Lakini usiandike "mwalimu mmoja".

Andika "baba yangu".